Dripu, Homa na Mikono: Historia ya Mlango Mdogo Mshipani

Mwishoni mwa mwaka 1869 kipindupindu kilishuka Pangani kikitokea bara, kikapanda vyombo hadi Unguja, kikaua watu kwa maelfu. Njia kiliyopita tunaijua kwa sababu ya daktari mmoja Mskoti aliyekuwa akikaa Unguja, James Christie. Aliwauliza watu wa misafara, mabaharia na wakazi wa mwambao, akaunganisha habari zao, kisha mwaka 1876 akazichapisha katika kitabu. Christie alikuwa mpelelezi hodari. Kwa tiba, hata hivyo, hakuwa na kikubwa cha kumpa mgonjwa wa Pangani aliyekuwa akinyauka kwa harisho tangu alfajiri.

Na tiba ilikuwa imekwisha kugunduliwa. Mwaka 1832, mjini Leith huko Uskoti, daktari Thomas Latta alimtia maji ya chumvi mshipani mama mmoja mzee ambaye kipindupindu kilikuwa kimemfikisha ukingoni. Macho yaliyozama yakarudi, mapigo yakasikika tena, mgonjwa akasema. Latta akaona kazi imekwisha, akamwacha mikononi mwa mwingine. Harisho likaanza upya, hakuna aliyemwongezea maji, na baada ya saa chache mama yule akafariki. Wako waliopona baada yake, lakini waliokufa walikuwa wengi zaidi, na Latta mwenyewe akafa mwaka uliofuata. Ufundi wake ukawekwa kando kwa miongo kadhaa. Maji yale hayakuwa yametakaswa, wala sindano, wala mikono, na isingekuwa haki kumlaumu: mwaka 1832 hakuna aliyejua kwamba kiumbe kisichoonekana kwa macho kinaweza kuingia na maji mshipani na kumuua mtu aliyekuwa anapona.

Pwani yetu nayo ilikuwa na elimu yake ya damu, ila ilielekea upande mwingine kabisa. Mtu aliyesumbuliwa na kichwa au maumivu yasiyosikia dawa aliumikwa: alichanjwa, pembe ikabandikwa, damu ikavutwa nje. Kutoa damu kulikuwa tiba. Kutia kitu ndani ya mshipa hakukuwamo katika hesabu ya mganga yeyote kutoka Vanga hadi Pangani.

Leo mambo yamegeuka. Ukimuuliza mtu wa Tanga hali ya nduguye aliyelazwa, jibu la kwanza huwa ni hili: "Katundikiwa dripu." Maneno hayo mawili yanabeba habari mbili kwa pamoja, kwamba hali ni nzito na kwamba anatibiwa. Mgonjwa akirudishwa nyumbani na vidonge tu, jamaa hunung'unika: mbona hata dripu hawakumtundikia? Hadhi hiyo dripu imeistahili, imeokoa wengi. Lakini historia ya ule uwazi mdogo ambao kanula huupitia, na ya vijidudu vinavyoufuata, haijulikani sana kwetu, ingawa sehemu yake kubwa iliandikwa hapahapa, kati ya Muheza na Kilifi.

Ili kuielewa ni lazima kwanza tuizungumzie malaria, maana malaria ndiyo iliyotuziba macho kwa muda mrefu.

Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, na mwaka 1896 ikafika Muheza. Juu ya jabali linaloitazama bahari pale Bombo, mjini Tanga, wakajenga hospitali, ile ambayo gofu lake watu bado wanaliita Cliff Block. Mwaka 1902 wakafungua taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo huko Amani, juu katika misitu ya Usambara Mashariki. Waingereza waliporithi nchi wakairithi na Amani, na baada ya Vita Kuu ya Pili wakaigeuza kazi yake: kitengo cha malaria kilichoanzishwa Muheza mwaka 1949 chini ya Dakta Bagster Wilson kilihamia huko, na Amani ikawa makao ya utafiti wa malaria wa Afrika Mashariki nzima. Serikali ilipoanzisha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, Amani ikawa kituo chake kimojawapo. Sidhani kama kuna wilaya nyingine katika Tanzania ambayo mbu wake wamehesabiwa, wakapasuliwa na kuandikwa kama mbu wa Muheza.

Sifa hiyo ilikuwa na upande wake wa pili. Katika nchi ambayo malaria imetawala hivyo, kila homa huitwa malaria. Mama huiita hivyo, mwuza duka la dawa huiita hivyo, na daktari aliyechoka saa tisa usiku naye huandika hivyo. Mwaka 2004 Hugh Reyburn na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanyika katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Waliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 4,000 waliolazwa mahututi na kutibiwa malaria kali, wakapima upya damu zao kwa darubini makini. Chini ya nusu ndio waliokuwa na vimelea vya malaria. Na ajabu ni kwamba wale wasio na vimelea ndio waliokufa zaidi: asilimia 12.1, ilhali waliokuwa na malaria kweli walikufa asilimia 6.9. Takriban theluthi moja ya hao wasio na malaria hawakupewa antibayotiki yoyote.

Waliuawa na nini? Darubini ya malaria haiwezi kujibu. Jibu linahitaji kuotesha damu: unaisafisha ngozi, unachota damu kidogo, unaitia katika chupa yenye lishe ambayo bakteria huipenda, unaiweka penye joto kama la mwili, kisha unasubiri siku kadhaa uone kitakachoota. Kazi hiyo inataka umeme usiokatika, mtaalamu wa maabara aliyefunzwa vizuri na fedha ya kununua chupa kila mwezi. Ni hospitali chache sana zilizoimudu.

Moja iliyoimudu kwa miaka ile ni Hospitali Teule ya Muheza, iliyotokana na kazi ya wamisionari wa Kianglikana walioweka kituo chao hapo karibu, Magila, tangu karne ya 19. Kwa mwaka mmoja, kuanzia Juni 2006, kila mtoto aliyelazwa akiwa na homa alioteshwa damu. Walikuwa watoto 3,639. Behzad Nadjm na wenzake walipochapisha hesabu yao mwaka 2010 ilionekana kwamba watoto 341, karibu mmoja katika kila 10, walikuwa na bakteria waliokwisha kuvamia mwili, wengi wao bakteria wa jamii ya salmonela. Katika hao 341, asilimia 17 walikufa. Miongoni mwa waliobaki walikufa asilimia 4.2. Na dawa ya kwanza iliyopendekezwa na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani iliua chini ya nusu ya bakteria waliooteshwa.

Wengi wa watoto hao waliletwa wakiwa tayari na bakteria kutoka nyumbani. Lakini ukishajifunza kuotesha damu hukai sana kabla ya kukutana na swali lisilopendeza. Mtoto alilazwa Jumatatu akiwa na nimonia, Jumatano alikuwa akicheza kitandani, Ijumaa homa imempanda upya na anatetemeka. Ukiotesha damu unakuta bakteria ambaye hakuwamo siku ya kwanza. Huyu katoka wapi?

Swali hilo lilijibiwa vizuri zaidi upande wa pili wa mpaka, kwenye mwambao huohuo. Kilifi kuna kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1989 kwa ushirikiano wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na mfuko wa Wellcome wa Uingereza, na tangu 1998 hospitali ya hapo imekuwa ikiotesha damu ya watoto wanaolazwa. Mwaka 2011 Alexander Aiken, Anthony Scott na wenzao walichapisha uchunguzi wa watoto zaidi ya 33,000 waliolazwa hapo kati ya 2002 na 2009. Kanuni waliyoitumia ni rahisi: bakteria akionekana kwenye damu baada ya saa 48 tangu mtoto alazwe, huhesabiwa kuwa amepatikana hospitalini. Waliopatwa hivyo walikuwa kama 6 katika kila watoto 1,000 waliolazwa. Utasema ni wachache. Sasa tazama vifo: waliopata bakteria wakiwa hospitalini walikufa asilimia 53, walioingia nao kutoka nyumbani walikufa asilimia 24, na ambao damu yao ilikuwa safi walikufa asilimia 6. Walioandamwa zaidi walikuwa watoto wenye utapiamlo mkali na waliowahi kuongezewa damu.

Ripoti ile inastahili heshima. Hospitali nyingi duniani hazina idadi kama hizo, na zilizonazo mara nyingi huzifungia kabatini. Kilifi waliotesha, wakahesabu, wakatangaza.

Bakteria hao wana njia nyingi za kuingia, na mojawapo iliyo wazi kuliko zote ni mrija uliokaa mshipani. Ngozi yetu ni ukuta. Kanula ni tundu tulilolitoboa wenyewe kwenye ukuta huo na kulizuia lisizibe kwa siku mbili, tatu, wakati mwingine saba. Zamani dripu ilipitia sindano ya chuma, ngumu, inayochoma mshipa mgonjwa akigeuka, kwa hiyo ilichomolewa mapema. Mwaka 1950 David Massa, aliyekuwa akijifunza utaalamu wa nusukaputi katika Mayo Clinic mjini Rochester, Marekani, alitoa habari za mrija laini wa plastiki uliovishwa juu ya sindano: sindano hutolewa, plastiki hubaki. Ndiyo asili ya kanula tunayoijua. Kwa kuwa haiumi sana, hukaa. Na plastiki inayokaa huota utando. Bakteria wa ngozini huteremka kando ya mrija, au huingia pale kwenye mdomo wake kila dawa inapochomwa kwa mkono ambao haukunawa, wakajibandika kwenye plastiki na kujifunika ute ambao antibayotiki haipenyi vizuri. Ndiyo sababu daktari mzoefu akiona mkono umevimba na homa imerudi, hakimbilii kubadilisha dawa tu. Huichomoa kanula.

Kwamba mikono ya mganga yenyewe huua lilikwisha kusemwa zamani. Ignaz Semmelweis, mjini Vienna mwaka 1847, aliwaamuru madaktari wake wanawe kwa maji ya klorini wakitoka kupasua maiti kabla ya kuwagusa wazazi. Katika wodi yake vifo vya wazazi vilikuwa asilimia 18 mwezi Aprili. Kufikia Juni vilikuwa kama asilimia 2. Wakubwa wake hawakupenda kuambiwa kwamba wao ndio chanzo, na yeye alifia katika hifadhi ya wagonjwa wa akili mwaka 1865. Hadithi yake imesimuliwa mara nyingi, mimi naipita.

Lakini yuko Mjerumani mmoja ambaye simpiti. Mwaka 1929, katika mji mdogo wa Eberswalde, daktari kijana Werner Forssmann alikatazwa na mkuu wake kujaribu kupitisha mrija kupitia mshipa wa mkono hadi moyoni. Akamshawishi muuguzi aliyeshika funguo za vifaa. Muuguzi akakubali kujaribiwa yeye, Forssmann akamfunga kwenye meza ya upasuaji, kisha akageuka na kujitoboa mkono wake mwenyewe. Akausukuma mrija sentimita 65, akashuka ngazi kwa miguu yake hadi chumba cha eksirei, na picha ikaonyesha ncha ya mrija imeingia moyoni. Alilaumiwa, akadhihakiwa, kazi zikawa za shida. Mwaka 1956 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na wawili walioiendeleza kazi yake. Kutokana na ujasiri ule, na wa wengine waliofuata, ikapatikana ile mirija mirefu inayoingizwa shingoni, kifuani au kinenani hadi karibu na moyo, ambayo bila hiyo vyumba vya wagonjwa mahututi visingefanya kazi.

Mirija hiyo mirefu ndiyo iliyoleta mtihani mkubwa zaidi. Kwa miongo kadhaa madaktari wa Marekani waliamini kwamba asilimia fulani ya wagonjwa mahututi lazima watapata bakteria kwenye damu, kama baharia anavyoamini kwamba jahazi lazima litavuja kidogo. Ukilibomba maji, linakwenda. Mwaka 2001, katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, mtoto wa kike wa miezi 18 aliyeletwa kwa kuungua maji ya moto alifariki baada ya makosa kufuatana, na mojawapo ya masaibu yaliyompata lilikuwa maambukizi ya mrija. Mwaka huohuo daktari wa hospitali hiyo, Peter Pronovost, aliandika mambo matano kwenye karatasi moja. Nawa mikono. Safisha ngozi kwa klorheksidini. Vaa gauni, glovu, kofia na barakoa, na mfunike mgonjwa mzima kwa shuka iliyotakaswa. Epuka mshipa wa kinenani ukiweza. Utoe mrija mara tu kazi yake inapokwisha.

Hakuna hata moja lililokuwa jipya. Jipya lilikuwa kwamba muuguzi alipewa mamlaka ya kumsimamisha daktari akiruka hatua, na uongozi ukaahidi kumlinda muuguzi huyo. Mpango ukapelekwa katika vyumba vya wagonjwa mahututi vya jimbo la Michigan, na Desemba 2006 hesabu ya vyumba 103 ikachapishwa: kiwango cha kati cha maambukizi kilishuka kutoka 2.7 kwa kila siku 1,000 za mrija hadi sifuri ndani ya miezi mitatu, na kikabaki chini kwa mwaka na nusu. Waingereza walipojaribu kuiga, kati ya 2009 na 2011, watafiti wakiongozwa na Mary Dixon-Woods waliingia wodini kutazama na kugundua jambo la kufikirisha: hospitali mbalimbali hazikuwa zikihesabu kitu kilekile. Moja iliotesha damu ya kila mwenye homa, nyingine iliotesha mara chache. Asiyetafuta hapati, na asiyepata huonekana msafi.

Je, karatasi ya Pronovost ingefaa Muheza au Bombo? Kwa kiasi fulani tu, na sababu zake ni za nyumbani kwetu.

Mrija wa mshipa mkubwa kwetu umekuwa kitu adimu. Chombo cha kila siku ni kanula ya mkononi, mguuni, au kichwani kwa kichanga. Wodi ya watoto wakati wa mvua huwa na watoto wawili kitanda kimoja. Muuguzi wa zamu ya usiku ni mmoja, pengine wawili. Mama ndiye anayeshika mkono wa mtoto usiiguse dripu, ndiye anayeona kwanza kwamba mkono umevimba. Na ipo sababu nyingine ambayo vitabu vya ugenini haviitaji: kumtoboa upya mtoto aliyekaukiwa maji ni kazi ngumu. Mishipa imejificha, mtoto analia, mama analia, muuguzi anajaribu mara ya tatu. Ukishaipata kanula inayopitisha, huna moyo wa kuitoa. "Tuiache, isije ikahitajika usiku." Nimelisikia neno hilo likisemwa na wauguzi wema kabisa. Kanula ikabaki chini ya plasta iliyochafuka, dawa za sindano zikiwa zimekwisha tangu juzi. Hapo hakuna uzembe wa kuadhibu. Kuna huruma, iliyokosa hesabu ya saa 48 ya Kilifi.

Kwa upande mwingine, Muheza ilishiriki katika kutuonyesha kwamba njia ya mshipa inaweza kuokoa kuliko tulivyodhani, na inaweza kudhuru kuliko tulivyodhani. Mwaka 2010 ulitangazwa uchunguzi mkubwa wa malaria kali kwa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Muheza na Korogwe zikiwamo. Waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, waliopewa atesuneti ya sindano asilimia 8.5. Kwinini ya dripu, iliyotundikwa juu ya vitanda vya watoto wetu kwa miaka mingi, ikaanza kuondoka.

Mwaka uliofuata ukaja uchunguzi ulioongozwa na Kathryn Maitland, uliofanyika Kenya, Uganda na Muheza. Swali lilikuwa ambalo wengi waliona halihitaji kuulizwa: mtoto mwenye homa kali ambaye damu haizunguki vizuri, je, kumjaza maji ya dripu kwa haraka humsaidia? Vitabu vya Ulaya na Marekani vilisema ndiyo. Januari 2011, baada ya watoto 3,141, kamati ya usalama iliusimamisha uchunguzi. Waliojazwa maji kwa haraka walikufa asilimia 10.5 na zaidi kidogo ndani ya saa 48. Ambao hawakujazwa walikufa asilimia 7.3. Madaktari wa nchi tajiri walibishana kwa miaka, na baadhi hawajamaliza. Maji yale hayakuua kwa bakteria, hilo lieleweke. Lakini fundisho lake linahusu mshipa uleule. Kinachoingia humo lazima kiwe na sababu, na desturi si sababu.

Turudi kwenye mikono. Mwaka 2004 Tanzania ilitoa mwongozo wa taifa wa kuzuia maambukizi hospitalini, na mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani, kwa kazi ya Didier Pittet wa Geneva, likaanza kampeni ya mikono safi duniani. Silaha yake kubwa ilikuwa kitakasa mikono cha spiriti, ambacho hospitali inaweza kukitengeneza yenyewe kwa mchanganyiko uliochapishwa bure. Pwani ya Waislamu wengi kama Tanga ilistahili kuuliza kama inafaa kujipaka kileo. Swali hilo lilikuwa limekwisha kujibiwa: Januari 2002 Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilikutana Makka na kuruhusu dawa zenye kileo pale haja inapokuwapo, na miongozo ya Shirika la Afya Duniani ikaitaja ruhusa hiyo. Kisha ukaja mwaka 2020 na Uviko, vitakasa mikono vikawa mlangoni kwa kila mtu, hata kwa mwuza mandazi. Havikukaa muda mrefu.

Maji nayo ni habari nyingine. Hesabu ya mwaka 2019 ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ilionyesha kwamba kituo kimoja cha afya katika kila vinne duniani hakikuwa na huduma ya msingi ya maji. Jiji la Tanga lina bahati: mto Zigi hushuka kutoka misitu ileile ya Amani, ukaingia bwawa la Mabayani, na kutoka hapo maji yakaja mjini. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani ili kupata fedha za kupanua huduma. Katika habari za uwekezaji jambo hilo lilisifiwa kwa riba yake. Mimi naliona kama habari ya hospitali. Muuguzi hawezi kunawa kwa mwongozo. Ananawa kwa maji.

Wakati huohuo mirija mikubwa inakuja. Mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa mwaka 2021, uliotolewa kwa ajili ya kukabiliana na athari za Uviko, ulijenga vyumba vya wagonjwa mahututi na idara za dharura katika hospitali nyingi nchini, na huduma ya kusafisha damu ya wagonjwa wa figo imekuwa ikisogezwa kutoka Dar es Salaam kwenda mikoani. Kila mgonjwa wa figo anayeanza tiba bila kuandaliwa mapema huwekewa mrija shingoni au kifuani, na hurudi nao nyumbani, akipanda daladala, akioga kwa ndoo, akilala chumba kimoja na wanawe. Chumba cha wagonjwa mahututi bila maabara ya kuotesha damu hakitajua kama kinaponya au kinapanda kile kitakachoua. Fedha za majengo na mashine zimetoka. Fedha za chupa za kuoteshea, ambazo ni ndogo zaidi, hazina wa kuzikatia utepe.

Na ile kanula ndogo ya mkononi, chombo kilichotumiwa na mamilioni, ilisubiri sana. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kabisa wa kuzuia maambukizi ya damu yatokanayo na kanula za aina hiyo mwezi Mei 2024, miaka 177 baada ya Semmelweis na 74 baada ya Massa. Ndani yake mna mambo ambayo muuguzi yeyote mzee wa Muheza angeyatambua: nawa kabla ya kugusa, safisha ngozi na uache ikauke, tazama palipotobolewa kila siku, usiiache ndani bila kazi.

Basi ukienda kumuuguza mtu, wodi yoyote ile, usione haya. Uangalie mkono wake asubuhi na jioni. Pakiwa pekundu, pamevimba au panauma, sema. Dawa za sindano zikiisha na mgonjwa anakunywa uji, muulize muuguzi kwa adabu: "Samahani sista, hii kanula bado ina kazi?" Kama haina, omba itolewe siku hiyohiyo.